Lori Lililoleta Pikipiki Linaijua Njia

Jioni moja kijiweni Kizwite, mjini Sumbawanga, kijana aliyetoka kununua pikipiki alikuwa anaionyesha kwa wenzake. Nailoni ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye siti na kwenye taa. Akatoa kadi ya waranti, akauliza aiweke wapi isipotee. Mkubwa wao, dereva wa miaka mingi, akamjibu bila kunyanyua macho kwenye simu: "Kawashie jiko. Waranti ni ya watu wa Dar." Kijiwe kizima kikacheka. Mwenye pikipiki naye akacheka, akaikunja kadi mara nne, akaitia mfuko wa nyuma.

Kauli hiyo nimeisikia Laela kwa mwenye pawatila, nimeisikia Matai kwa mwenye mashine ya kusaga, nimeisikia Namanyere kwa mama aliyenunua friji la kuuzia soda. Imeshakuwa hekima ya Ufipa nzima, na wanaoisema si wajinga. Ikisemwa na mtu makini inakwenda hivi: kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwenye kuamua kama kifaa kibadilishwe bure yuko huko. Huku juu kuna duka la wakala tu, na wakala hana amri. Ukimpelekea chombo kibovu atakuzungusha wiki tatu, wakati fundi wa mtaani atakurudisha barabarani kabla ya magharibi. Pikipiki ikisimama siku moja, hesabu ya siku hiyo imekwenda. Basi mwenye akili hununua, ikiharibika humpa fundi wake, na waranti huisahau siku ile ile aliyopewa.

Nimeipinga hoja hii barazani, kwenye basi na msibani, na sasa naipinga kwa maandishi. Ni hoja iliyotungwa kwa faida ya muuzaji, ikasambazwa bure na mnunuzi.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka juzi nilinunua pikipiki na kumpa mpwa wangu kwa mkataba: shilingi 8,000 kwa siku, Jumapili ni yake, na baada ya mwaka mmoja na nusu chombo kinakuwa chake. Bei ya hapa ilizidi ya Kariakoo, na tulipouliza kwa nini, muuzaji alitujibu vizuri tu kwamba ni gharama ya usafiri. Tukalipa. Kabla ya kufika kilomita 6,000 ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Kila baada ya siku tatu kijana alikuwa anaongeza. Fundi wake alisikiliza injini, akanusa moshi, akasema ringi.

"Mjomba, tuifungue leo," mpwa wangu akaniambia. "Seti ya pistoni na ufundi ni laki moja na arobaini. Tukienda dukani tutapoteza hesabu bure."

Nikakataa. Ukaidi wa ualimu, labda. Tukaisukuma hadi dukani tulikoinunua.

Kijana wa kaunta aliizunguka mara moja. "Mwalimu, hii imefunguliwa." Nikamwonyesha boliti za injini: rangi ya kiwandani haijaguswa na spana. Akanyamaza kidogo. "Basi inabeba mizigo. Na inapanda milima ya Mbizi." Nikamwambia naam, inapanda Mbizi, kwa sababu tunaishi Sumbawanga. Akaandika kitu kwenye karatasi. "Tutatuma maombi Dar. Subiri tutakupigia."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la vioo. Ndani, kwenye rafu ya pili, kulikuwa na boksi la seti ya pistoni na ringi za pikipiki hiyo hiyo, limebandikwa bei: 85,000. Nikamuuliza hii je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hiyo ni ya kuuza, mwalimu."

Tangu siku hiyo sijamsikiliza tena mtu anayeniambia kuhusu umbali. Pistoni ya fedha taslimu ilikuwa Sumbawanga, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Pistoni ya waranti ndiyo ilikuwa Dar. Kilichozitenganisha hakipimwi kwa kilomita.

Zamani, ningekubali. Wakati barabara ya Tunduma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, malori yakilala Laela siku mbili, umbali ulikuwa sababu. Lakini lami ilishafika, tena kwa fedha za Wamarekani kupitia mfuko wao wa MCC, na juu ya lami hiyo pikipiki mpya zinapanda kila wiki zikiwa zimefungwa kwenye fremu za chuma. Duka lililoweza kubeba kilo mia na zaidi za pikipiki kutoka bandarini hadi Uwanda wa Ufipa, likatutoza gharama ya njia hiyo, haliwezi kutuambia kwamba njia ni ndefu mno kwa kifaa kinachoingia mfukoni. Umbali tuliulipia siku ya kununua. Tunaulipia tena siku ya kuharibika, kwa mtu yule yule.

Wanaoijua biashara hii wanaelewa yule kijana wa kaunta alikuwa anaogopa nini. Duka linalotengeneza chombo kwa waranti halilipwi na mteja. Linamdai mtengenezaji, au mwagizaji anayemwakilisha. Linafungua jobukadi, linaandika namba ya chesisi na ya injini, linahifadhi kifaa kilichoharibika kama ushahidi, linatuma dai, linasubiri. Malipo ya ufundi wa waranti mara nyingi huwa madogo kuliko anayotoa mteja wa taslimu, na dai lililojazwa vibaya hukataliwa, hasara ikabaki dukani. Hivyo mtu wa kaunta anapokuambia "imefunguliwa", huenda hasemi na wewe kabisa. Anafanya mazoezi ya kumjibu mkaguzi wa Dar. Ni shida ya kweli, naiheshimu. Lakini ni shida iliyo kati ya duka na mwagizaji wake, katika makubaliano ambayo mimi sikuitwa kuyatia saini. Mimi nililipa dukani, risiti ni ya duka, na duka ndilo lililonipa kadi. Wachukue boksi lile la rafu ya pili, watengeneze, kisha wadaiane wao kwa wao mpaka watakapochoka.

Sasa kijiwe kina hoja yake ya hesabu, na lazima ijibiwe. Pikipiki yetu ilisimama siku 21 za kazi. Mara 8,000 ni 168,000. Fundi angetutoza 140,000. Nilipoteza 28,000 kwa kudai haki yangu, na utani ukaenea: mwalimu kashindwa kutoa. Kwa tarakimu walikuwa sahihi. Nilichokataa ni namna walivyoiweka ile 21 kwenye hesabu kana kwamba ni mvua, kitu kinachonyesha bila kuletwa na mtu. Siku zile zilitengenezwa. Zilitengenezwa na duka lililokuwa na kifaa na halikutaka kukitoa, nalo lilikuwa na kila sababu ya kuzirefusha kwa sababu lilijua wateja tisa kati ya kumi wangechoka siku ya tatu na kununua lile boksi la 85,000. Namba ya tisa kati ya kumi ni ya kusemea tu. Kaa dukani asubuhi moja uhesabu mwenyewe.

Kuna hasara nyingine ambayo kijiwe hakiihesabu kwa sababu haimwangukii mtu mmoja. Pikipiki kumi zenye ringi mbovu zikipitia kwa mafundi kumi wa mitaani, kwenye daftari la mwagizaji zinasomeka kama pikipiki kumi nzima. Hakuna dai, hakuna kasoro. Mzigo unaofuata unakuja na ringi zile zile, na kijana mwingine anaondoa nailoni kwenye siti huku akicheka. Kila mmoja wetu kaokoa 28,000 zake, na wote kwa pamoja tumemthibitishia mtengenezaji kwamba Rukwa hakuna malalamiko.

Halafu kuna lugha yetu wenyewe tunapoingia dukani. Nimewasikiliza watu wakidai waranti, na karibu kila mmoja huanza na "naomba mnisaidie". Mpwa wangu alinisihi njiani: "Mjomba, usiwe mkali, tumwombe atusaidie." Na ikitengenezwa, tunatoka tukisema "wamenisaidia sana wale". Neno hilo linabadilisha kila kitu. Msaada hauna tarehe ya mwisho. Msaada haudaiwi, na anayetoa msaada anaweza kuuchagulia mtu wa kumpa: mwenye gari la serikali leo, mwenye kandambili kesho. Sisi watu wa Ufipa tunasifiwa upole, na upole ni jambo jema katika kusalimiana. Kwenye kaunta ya sevisi umekuwa mtaji wa mtu mwingine. Bei ya kifaa kile kwa waranti imo ndani ya bei niliyolipa. Mtengenezaji yeyote anajua kwamba sehemu ya vyombo vyake itarudi, na gharama hiyo anaiweka kwenye bei kabla chombo hakijatoka kiwandani. Nikienda kuchukua pistoni yangu naenda kama anayechukua chenji.

Upande wa pili wa hekima ya kijiwe ni sifa kwa fundi wa mtaani. "Fundi wetu anatosha." Hapa nina uchungu zaidi, kwa kuwa sifa yenyewe ni ya kweli. Watu wa uwanda huu hawakuanza juzi kujua chuma. Mababu walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yanayomzidi mtu kimo, wakayeyusha chuma kwa mkaa na upepo wenyewe bila kuvuvia mivukuto, kisha wakakirudia kukisafisha kwenye tanuri dogo kabla mhunzi hajakigusa. Magofu ya malungu bado yanaonekana. Fundi wa Kizwite anayetambua ringi kwa harufu ya moshi ana ukoo.

Lakini mtazame huyu fundi anavyofanya kazi. Akimaliza, anafuta mikono, anasema: "Ikikusumbua nirudishie." Na ikisumbua, unamrudishia, na anaifungua tena bila kukuomba hela ya ufundi, kwa kuwa yuko pale pale chini ya mwembe, na wateja wake wengine wamekaa kwenye benchi wanakutazama. Hiyo ni waranti. Haina kadi wala nembo, lakini inatimizwa. Kwa hiyo anayesema waranti ni jambo la kigeni, la watu wa mjini, hajamwangalia fundi wake mwenyewe. Tunaidai kwa mtu mwenye sanduku moja la spana, tukimjia juu akichelewa nusu siku, halafu tunamsamehe mwenye duka la vioo na kontena bandarini. Kila injini ya waranti inayofunguliwa Kizwite ni deni la mwagizaji ambalo fundi kalibeba: ikirudi na ugonjwa ule ule uliotoka nao kiwandani, lawama ni yake.

Na wakati huo huo duka linamtumia kama kisingizio. Akigusa boliti moja, waranti imekufa. Zipo nchi zilizokataa mchezo huu. Marekani, sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamzuia mtengenezaji kuifunga waranti yake kwenye sharti la kutumia spea au gereji za chapa yake pekee, isipokuwa avitoe bure. Karibu zaidi na kwetu, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 2021, ukimruhusu mwenye gari lililo ndani ya waranti kulipeleka kwa fundi huru kwa sevisi. Kasoro ya kiwandani inabaki ya kiwanda, hata kama oili ilibadilishwa chini ya mwembe. Anayempenda fundi wa Kizwite kwa dhati ampiganie hapo, aache kumpa sifa na injini ya kufungua kwa bei ya kutupa.

Sisi wanunuzi tuna uzembe wetu, nakubali upesi. Tunaruka sevisi ya kwanza ya kilomita 500. Tunanunua bila risiti ya EFD ili tupunguziwe kidogo. Tunataka klachi pleti, breki na cheni vibadilishwe bure wakati ni vitu vya kulika. Duka likikataa hayo, liko sawa.

Lakini soma maandishi madogo uone mchezo ulivyochezwa. Kadi yetu ilisema miezi 12 au kilomita 12,000, lolote litakalotangulia. Kwa padri anayekwenda kigangoni Jumapili, huo ni mwaka mzima. Bodaboda inayotembea kilomita mia kwa siku inazimaliza ndani ya siku 120. Nao wanaijua: nani mwingine ananunua pikipiki hapa mjini? Na chini zaidi, kwenye orodha ya mambo yanayofuta waranti, kulikuwa na "matumizi kwenye mazingira magumu". Ukitoka mjini ukavuka Mbizi kwenda Muze, unashuka karibu mita 1,000 hadi Bonde la Rukwa, na jioni unazipanda zote ukiwa na abiria na gunia la mchele. Hayo si mazingira magumu, ni kwenda Muze. Muuzaji aliyefungua duka Sumbawanga alijua anauza chombo cha kupanda. Kama hakiwezi, angetuambia kabla ya kupokea fedha, au angelifungua duka lake Kibaha.

Wanaodhani kadi ndiyo mwanzo na mwisho wa haki yao wamedanganywa pia. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imetokana na ile ya Waingereza ya mwaka 1893, na ndani yake bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo inahesabika kuwa na sharti la ubora wa kuuzika, hata kama hakuna aliyelitamka. Kwa kuwa sheria hiyo ya zamani inaacha mwanya wa pande mbili kukubaliana vinginevyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaongeza sehemu nzima juu ya masharti yanayohesabika kuwemo katika mikataba ya walaji, na nyingine juu ya wajibu wa watengenezaji. Tume yetu ya Ushindani tumezoea kuiona kwenye habari ikiteketeza bidhaa bandia, tukadhani kazi yake ni moto tu. Na Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba. Bei ya pikipiki iko chini kabisa ya kikomo chake. Sisemi kila mtu akimbilie mahakamani kwa ajili ya ringi. Nasema mtu wa kaunta huongea kwa adabu tofauti na mteja anayejua kwamba mlango huo upo.

Mimi nilichofanya ni kidogo zaidi. Siku ya kumi na nne, simu haijapigwa, niliandika barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, namba ya chesisi, kilomita, kasoro, vifungu viwili vya sheria. Nakala mbili. Nikaomba wapige muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yangu. Kijana aliisoma, akaingia ndani, akakaa sana. Muhuri ukapigwa. Siku ya ishirini na moja ya kazi mpwa wangu akaondoka na pikipiki yake. Nilipochungulia kabati, rafu ya pili ilikuwa tupu. Kutoka Dar hakikuja kitu.

Mtu ataniuliza: je, kama mtengenezaji mwenyewe ametoweka? Yametokea. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia makubaliano na kampuni ya Ursus ya Poland ya kuunganisha Kibaha matrekta 2,400 kwa mkopo wa dola milioni 55. Malalamiko ya wakulima kuhusu ubovu na spea yalifika hadi bungeni, na mwaka 2021 kampuni yenyewe ikatangazwa kufilisika kwao. Mkulima wa mahindi au ngano aliyekuwa na trekta lile hakuwa na mtu wa kumdai Poland. Lakini tazama alimgeukia nani: aliyemuuzia hapa nchini. Wakulima wale hawakusema waranti ni ya watu wa Dar. Walipaza sauti, na mawaziri wakalazimika kusimama kujibu. Sielewi kwa nini mwenye trekta ana haki ya kelele na mwenye pikipiki aambiwe akawashie jiko.

Wiki iliyopita niliamka alfajiri kumsindikiza mgeni stendi. Baridi ya Juni mnaijua. Njiani tukapishana na lori limesimama mbele ya duka la pikipiki, mlango wa nyuma umeshushwa, vijana wanateremsha fremu moja baada ya nyingine huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Utingo alikuwa amejifunga shuka kichwani, anakunywa chai ya rangi. Nikamsalimia, nikamuuliza wametoka lini Dar. Juzi jioni, akasema. Nikamuuliza kama mtu wa huko Dar angempa kiboksi cha pistoni, kidogo hivi, angepata mahali pa kukiweka.

Akaangalia mikono yangu, akaliangalia lori.

"Hata mia, mzee. Chini ya kiti tu."